Kuvuta waifai ya nyumbani kwa simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupitisha nyaya na kufunga ruta majumbani hapa Mombasa, kisiwani na ng'ambo zake. Kila wiki naulizwa lile lile: "Fundi, waifai iko sebuleni lakini chumbani haifiki. Siwezi kuweka simu hii ya zamani pale kati ikaivuta?" Waweza, kwa masharti, na masharti yenyewe ndiyo haya. Jambo likishaelezwa mahali, kwengine nimeelekeza tu lilipo.

## Mambo ya mwanzo

1. Simu inaweza kweli kupokea waifai ya nyumbani na kuirusha tena?

Baadhi ya simu, ndiyo. Simu inajiunga na ruta kama kawaida, kisha inafungua hotspoti yake yenye jina lake na nenosiri lake. Atakayejiunga na hotspoti hiyo anatumia mtandao ule ule wa nyumbani, ila unapitia kwenye simu kwanza.

Sharti ni simu iweze kupokea waifai na kurusha waifai kwa wakati mmoja. Nyingi haziwezi. Ukiwasha hotspoti, waifai inajizima yenyewe kimyakimya, na kinachorushwa ni data ya laini. Kwa nje hutaona tofauti: jina la hotspoti lipo, watu wameunganishwa, video inacheza. Tofauti utaiona kwenye salio.

2. Kwa hivyo itakula bando langu?

Simu yenye uwezo uliotajwa hapo juu, ikiwa imeshika waifai, haigusi bando. Isiyo nao italila lote. Soma 5 kabla hujajaribu, na 6 ujue kwa nini nasisitiza.

3. Kwa nini waifai haifiki chumbani, na ruta iko nyumba hiyo hiyo?

Kwa sababu ya ukuta, mara nyingi kuliko sababu nyengine yoyote. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za zile kongwe hufika unene wa nusu mita hivi. Kuta hizo ndizo zinazokuweka baridi wakati wa kaskazi, na ndizo hizo hizo zinazomeza mawimbi. Ukuta mmoja simu itavumilia. Miwili, imekwisha.

Nyumba za mtaa wa Majengo, za ukumbi mmoja na vyumba huku na huku zina kuta nyembamba, lakini ruta ikiwa chumba cha mbele mawimbi yanazikata kwa mshazari, kwa hivyo kila ukuta unakuwa mnene kuliko ulivyo. Kwenye maghorofa ya Tudor au Kizingo adui ni sakafu ya zege yenye nondo ndani. Mtu wa ghorofa ya tatu akinunua ruta moja ahudumie na ya nne, zege linamkatalia.

Kisha kuna vitu vya ndani: kabati lenye kioo kikubwa mlangoni, friji, tangi la maji, mabati. Kioo cha kujitazamia kina madini nyuma yake, na madini huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Ruta nyingi za siku hizi hurusha masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. La 5 lina kasi zaidi lakini hufa haraka ukutani, la 2.4 ni pole na hupenya zaidi. Ukiona majina mawili ya waifai yako, moja likiishia na 5G, la chumba cha mbali ni lile lisilo na 5G. Na hiyo 5G haihusiani na 5G ya laini za simu. Ni majina tu yamegongana.

Mimi huwa nacheka peke yangu. Waya wa intaneti uitwao TEAMS umelala chini ya bahari kutoka Fujairah mpaka hapa Mombasa tangu 2009, mwenzake SEACOM ulitua mwaka huo huo, EASSy ukafuata 2010. Mtandao umekatiza bahari nzima salama u salimini, halafu unashindwa na ukuta wa babu.

4. Kabla ya kuhangaika na simu, kuna la kufanya kwanza?

Sogeza ruta. Fundi wa faiba huifunga pale waya unapoingilia, kwa sababu ndipo kazi yake inapoishia, wala hakuulizi unalala wapi.

Niliitwa nyumba moja ya Mji wa Kale, ya ghorofa mbili, ruta iko chini nyuma ya televisheni ndani ya kabati la mbao. Bi mkubwa mwenyewe anakaa juu, na simu yake inashika kijistari kimoja, tena kwa kubahatisha. "Mwanangu, hini waifai nalipa mimi, wanaifaidi wa barazani," akaniambia. Alikuwa na haki: vijana waliokaa barazani, upande wa pili wa dirisha, walikuwa wanatazama mpira vizuri kabisa.

Sikununua kitu ila mita sita za waya. Niliitoa ruta kabatini nikaitundika ukutani penye ngazi, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Ngazi ni tundu. Haina ukuta wa kupenya, mawimbi yanapanda kama harufu ya biriani. Kipimo chumbani kwa Bi mkubwa kilikuwa −84, kikawa −66. Maana ya namba hizo iko katika 11. Nenosiri tulibadilisha siku hiyo hiyo, na barazani wakanuna.

Ukishaisogeza na bado chumba cha nyuma hakipati, endelea na 5.

## Simu ipi inaweza

5. Nitajuaje kama simu yangu ina uwezo huo?

Usiulize duka, wala usiamini video. Jaribu mwenyewe, dakika tano tu.

Zima kwanza data ya laini, au toa laini kabisa. Unganisha simu na waifai ya nyumbani. Sasa washa hotspoti huku ukitazama alama ya waifai juu ya kioo. Ikitoweka, au simu ikakuuliza kama izime waifai, simu hiyo haina uwezo. Ikibaki, chukua simu nyengine, jiunge na hotspoti, ufungue ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Ukifunguka, unayo.

Kwenye Samsung Galaxy kipengele hiki kiko kwenye mipangilio ya hotspoti, na kwa menyu ya Kiingereza kinaitwa Wi-Fi sharing. Kilianza na Galaxy S7 ya 2016, na baadaye kikaingia simu nyengine za kampuni hiyo, ingawa si zote za bei nafuu. Baadhi ya Huawei wanakiita Wi-Fi bridge. Kwenye Pixel zenye uwezo huo huoni kitufe chochote: unawasha hotspoti, waifai inabaki, basi. Kwa simu za chapa nyengine, modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana, kwa hivyo jaribio la hapo juu ndilo lenye neno la mwisho.

6. Niliwasha hotspoti usiku, asubuhi bando lote limekwisha. Ilikuwaje?

Yalinipata mimi, na mimi ndiye fundi. Nilikuwa na simu kuukuu, nikaiweka juu ya friji kati ya sebule na chumba cha watoto. Nikawasha hotspoti, nikaona watoto wanatazama katuni, nikajipongeza, nikalala. Alfajiri natoka msikitini nataka kumpigia mtu, sina bando, sina salio. Simu ilikuwa imezima waifai yenyewe na kurusha laini yangu usiku kucha. Na bando likishakwisha, laini inaweza kuendelea kukata salio la kawaida, ambalo huyeyuka upesi zaidi.

Hata simu yenye uwezo kamili ina hatari hii kwa mlango wa nyuma. Stima ikipotea ruta inazima, simu inaona waifai haipo, inahamia data ya laini bila kukuambia, na hotspoti inaendelea kama hakuna lililotokea.

Dawa ni moja: simu ya kazi hii isiwe na laini ndani. Ikiwa ni lazima iwe nayo, zima data ya laini kabla ya kuwasha hotspoti. Hapo likitokea lolote, mtandao utakatika tu. Hilo ni afadhali.

7. Na iPhone?

Haiwezi. Hotspoti ya iPhone hurusha data ya laini peke yake, hata kama simu yenyewe imeshika waifai. Kupokea kutoka kwa simu nyengine inaweza bila tatizo.

8. Nina simu iliyopasuka kioo. Inafaa?

Inafaa sana, ilimradi kioo bado kinaitika kidole na betri haijavimba. Hii ndiyo kazi nzuri ya uzeeni kwa simu. Ila simu za zamani sana hushika GHz 2.4 pekee, na uwezo uliotajwa katika namba 5 zinakuwa hazina, kwa hivyo ijaribu kabla hujaiandalia mahali.

9. Kuna programu za kupakua zinazodai kufanya kazi hii. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Programu kama NetShare hutumia Wi-Fi Direct, njia ambayo simu mbili huongea zenyewe bila ruta, kwa hivyo hata simu isiyo na uwezo wa namba 5 inaweza kujaribu. Utaona mtandao mpya wenye jina linaloanza na DIRECT.

Usumbufu ni kwamba kila kifaa kinachojiunga lazima kiwekewe proksi, yaani kituo cha kupitishia mtandao, kwa mkono: anwani, ambayo kwenye Android huwa 192.168.49.1, pamoja na namba ya mlango ambayo programu itakuonyesha. Ukiweka, kivinjari kitafunguka. Lakini programu nyingi haziitii proksi: michezo, simu za video, televisheni. Mtu atakuja kukuambia "Google inafunguka, WhatsApp haipigi," na hutakuwa na la kumfanyia. Mimi huitumia kwa dharura tu. Na ukitoka hapo ukasahau proksi imo, waifai nyengine zote zitaonekana mbovu. Nimeshaitwa nyumba mbili kwa kosa hilo hilo.

## Kuiweka

10. Hatua zenyewe ni zipi?

Kwa Samsung: ingia mipangilio, kisha miunganisho, kisha hotspoti na kushiriki mtandao. Fungua hotspoti yenyewe, uwashe Wi-Fi sharing ndani ya mipangilio yake, uweke jina na nenosiri, urudi nyuma uwashe hotspoti. Kwa modeli nyengine majina ya menyu yanatofautiana kidogo, njia ni ile ile.

Nenosiri liwe la herufi nane na kuzidi. Chini ya hapo simu yenyewe itakataa. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Usiache hotspoti wazi "kwa muda tu", barazani wanasubiri.

11. Niiweke wapi hasa?

Kosa la kawaida ni kuiweka ndani ya chumba kisichopata. Ukifanya hivyo simu itarusha kwa nguvu kitu ambacho yenyewe haikipati. Mahali pake ni kati: pale ambapo simu bado inashika ruta vizuri, na chumba kinachotakiwa kinaonekana kutoka hapo, au kimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Pakua programu yoyote ya bure ya kupima waifai, utembee nayo nyumbani. Namba huwa na alama ya kutoa mbele, na inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. −50 ni kama umekaa karibu na ruta. −67 inatosha kwa simu ya video. Kuanzia −80 ni kuteseka. Simu ya kuvuta itafutie mahali penye −65 au bora zaidi, kwa kipimo cha simu hiyo hiyo, kwa sababu simu mbili hazisomi sawa.

Kwa nyumba za kale, kidaka cha ukutani kinachotazama ngazi au mlango ni mahali pazuri mno, mradi ukuta wa nyuma yake usiwe ndio unaotaka kuupita. Kwa nyumba ya ukumbi, juu ya mlango katikati ya ukumbi. Milango iache wazi. Ubao huzuia kidogo, ila kidogo huongezeka. Isimamishe simu, usiilaze chini ya mito wala nyuma ya televisheni.

12. Mbona kasi imepungua nusu?

Ni kawaida, hujakosea. Redio moja ya waifai haiwezi kupokea na kutoa kwa pamoja. Ni kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji: wa katikati akiwa anapokea, mikono yake haiwezi kutoa. Ruta ikiifikishia simu kasi ya Mbps 20, chumbani utapata 10, na mara nyingi chini ya hapo.

Simu zenye redio mbili hukwepa hasara hiyo kwa kupokea GHz 5 na kurusha 2.4. Ukiona kwenye mipangilio ya hotspoti unaruhusiwa kuchagua masafa, chagua lile ambalo simu haikutumia kuungana na ruta, kisha pima. Mbps 5 zikifika chumbani, video safi inacheza. Mtoto anayefanya kazi ya shule hahitaji zaidi.

Ukikaa maghorofani, pima tena baada ya isha. GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na jioni majirani wote wamo humo.

13. Niipe hotspoti jina lile lile la ruta, simu zihame zenyewe?

Usifanye. Hotspoti ya simu ni mtandao mwengine wenye anwani zake. Majina yakifanana, simu yako itarukaruka kati ya hizo mbili na kila ikiruka kilichokuwa kinaendelea kinakatika. Ipe jina tofauti, "Chumba cha nyuma" au utakavyo, ili ujue uko wapi.

14. Inabeba vifaa vingapi?

Simu nyingi huruhusu vifaa 8 au 10 kwenye mipangilio. Kwa matumizi ya kweli, nahesabu vitatu au vinne.

15. Hotspoti inajizima yenyewe kila mara.

Android ina kitufe cha kuzima hotspoti ikiwa hakuna aliyeunganishwa kwa dakika kama 10. Kitafute kwenye mipangilio ya hotspoti ukizime. Zima pia kiokoa betri. Simu ikizima hotspoti huku watu wako ndani, iguse mgongo: yaelekea imechemka, nenda 16.

## Joto, stima na chumvi

16. Naweza kuiacha kwenye chaja mchana kutwa?

Waweza, lakini betri ndiyo italipa. Kupokea na kurusha kunaitia simu moto, kuchaji kunaitia moto, na juu yake kuna joto la hapa kwetu. Apple, kwa mfano, hutaja nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la mahali simu inapotumika. Februari na Machi hapa Mombasa tunafika 32 na 33 kivulini, na chumba cha chini ya mabati hufika zaidi.

Itoe kava. Iweke penye upepo, mbali na dirisha la jua la saa tisa. Simu ikiwa na kipengele cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85, kiwashe. Tumia chaja yake au iliyo nzuri. Chaja za kuokota ndizo zinazounguza. Usiku kama hakuna anayetumia, zima.

Mgongo wa simu ukianza kuinuka, au kioo kuachana na fremu, betri imevimba. Itoe kwenye chaja hapo hapo, usiiminye wala kuitoboa, mpelekee fundi. Simu hiyo haina kazi tena ya kuachwa peke yake na chaja.

Jambo la pwani: hewa ya chumvi hula tundu la chaji. Waya uliokaa mahali pamoja miezi miwili bila kuchomolewa huota ukungu wa kijani kwenye vyuma vyake. Uchomoe mara moja moja, uufute kwa kitambaa kikavu.

17. Stima ikipotea, simu itaendelea kurusha?

Simu itabaki hai, lakini ruta imekufa, na haina cha kuvuta. Ndipo hatari ya 6 inapoingia. Ukitaka mtandao usikatike, pesa ziweke kwenye betri ndogo ya ruta, ile kisanduku kinachokaa kati ya soketi na ruta. Ruta nyingi hutumia volti 12, ila soma kibandiko cha chini yake kabla ya kununua. Kisanduku cha faiba kikiwa mbali na ruta, nacho kinataka umeme wake. Watu wengi hukisahau.

## Njia za kando

18. Nina kompyuta ya mezani isiyo na waifai. Simu itasaidia?

Hapa simu inang'ara kuliko popote, na wachache wanajua. Unganisha simu ya Android na waifai ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya kushiriki mtandao washa ile ya USB. Kompyuta inapata mtandao wa waifai kupitia waya, bila kununua kifaa.

Njia hii haihitaji uwezo wa namba 5, kwa sababu simu inapokea tu kwa redio na kutoa kwa waya. Kwa hivyo hata hasara ya namba 12 haipo. Simu iliyokataa jaribio lote la hapo juu itaifanya kazi hii, na kompyuta itaichaji hapo hapo. Waya uwe wa data. Nyaya nyengine za bei rahisi hupitisha chaji peke yake, nawe utahangaika saa nzima ukidhani simu ni mbovu. Laini itoe, kama kawaida.

19. Na Bluetooth?

Simu nyingi za Android zinaweza kutoa waifai kwa Bluetooth. Kasi yake ni Mbps 1 au 2. Barua pepe na ujumbe vitapita, video hapana.

20. Laptopu inaweza kufanya kazi ya simu?

Ndiyo, na mara nyingi kwa urahisi zaidi. Windows 10 na 11 zina hotspoti yao ndani, inayopokea waifai na kuirusha kwa vifaa mpaka 8. Ila laptopu ikilala, na waifai ya chumbani imelala.

## Kesi za pembeni

21. Simu yangu haiioni televisheni wala printa, na zote ziko hewani.

Moja iko kwenye ruta na nyengine iko kwenye hotspoti. Zote zinapata intaneti, lakini hotspoti ni kama nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa, ina mlango wake na anwani zake. Kurusha video kwenye televisheni au kuchapisha kunataka vifaa viwe nyumba moja. Vihamishie vyote upande mmoja. Kamera za usalama usiziweke kwenye hotspoti ya simu kabisa.

22. Nikitembea kutoka chumbani kwenda sebuleni simu ya WhatsApp inakatika.

Ndivyo ilivyo. Unahama mtandao mmoja kwenda mwengine, anwani inabadilika. Malizia maongezi ulipoanzia.

23. Nakaa hosteli, waifai ina ukurasa wa kuingilia na inaruhusu simu moja tu.

Kiufundi, simu yenye uwezo ikishaingia kwenye ukurasa huo, walio nyuma yake wataonekana kama kifaa kimoja. Lakini kama kanuni za pale zimekataza, zimekataza. Muulize msimamizi kwanza.

24. Naweza kumvutia jirani, tukachanga?

Kumpa mgeni nenosiri ni ukarimu. Kuuza ni jambo jengine: mikataba ya vifurushi vya nyumbani kwa kawaida hukataza, na biashara ya kuuza intaneti hutaka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kuingia waifai ya jirani bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Na kumbuka, uliyempa nenosiri akifanya upuuzi mtandaoni, anwani itakayoonekana ni yako wewe mwenye ruta.

25. Ni wakati gani niachane na simu ninunue kifaa?

Mtu mmoja, chumba kimoja, saa chache jioni: simu inatosha. Ikiwa watu wanne wanaitegemea kutwa, au kuna kazi ya ofisi inayofanywa kutoka nyumbani, nunua. Kirudio kidogo cha kuchomeka ukutani hufuata kanuni zile zile za 11 na 12, faida yake ni kwamba hakina betri ya kuvimba.

Lakini nikiulizwa mimi, hasa kwa nyumba za mawe, nasema pitisha waya. Waya wa mtandao wa Cat 5e hubeba mpaka mita 100 bila kupoteza kasi, na hakuna nyumba ya Mji wa Kale inayofika huko. Mwisho wa waya funga ruta ya pili, hata ya mtumba, ukiigeuza iwe kituo cha kurusha tu. Nyumba nyingi za zamani tayari zina tundu la nyaya za stima juu ya boriti. Mwulize mwenye nyumba kabla hujatoboa jengine, na ukitoboa, uchimbe kutoka pande zote mbili, maana jiwe la tumbawe likibanduka upande wa pili linatoka na plasta ya ukubwa wa sinia nzima.